U Mtoto wa Nani?

Barra ni kisiwa kidogo cha Uskoti, na wenyeji wake wengi ni Wakatoliki kama sisi. Katika karne ya 19 wengi walihama, wakavuka bahari mpaka Cape Breton, Kanada. Huko mzee wa Kigaeli hakumwuliza kijana jina lake, bali, “U mtoto wa nani?” Naye alitaja baba, babu, na baba wa babu. Mtu mmoja wa ukoo wa Macneil, Mmarekani, aliinunua ngome ya wazee wake kisiwani mwaka 1937, akaijenga upya. Vema, ila si kila mtu ana fedha za ngome! Majina hayanunuliwi. Lakini Kigaeli kimebaki kwa wachache tu huko Cape Breton. Na mwanao aliye mjini, akiulizwa hivyo, atafika kwa babu wa ngapi?