UBIA USIO NA USAWA

Ubia ni jambo jema, lakini si kila ubia hujenga. Februari 2011 Nokia ya Finland, kampuni iliyoongoza duniani kwa kuuza simu, iliamua kuiweka kando programu yake ya Symbian na kushika Windows Phone ya Microsoft ya Marekani, ili wapate kushindana na Apple na Google. Aprili 2014 Microsoft ikakamilisha kuinunua idara ya simu ya Nokia. Haikutimia miezi mitatu, ikatangaza kupunguza kazi zipatazo 12,500 katika idara hiyo.

Waliotia saini ni wakubwa. Waliolipa ni wafanyakazi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi twasema: vyama vya wafanyakazi popote vidai kuusoma mkataba kabla haujatiwa saini.