Chakula Kinachotupwa ni Jasho la Mkulima

Katika miji yetu mikubwa, na hasa Dar es Salaam, kila jioni hutokea jambo ambalo tumelizoea kiasi cha kutoliona. Nyuma ya mahoteli na kumbi za sherehe na mikutano, mapipa hujaa wali, nyama, chapati na matunda yasiyoguswa. Usiku huohuo, si mbali na mapipa hayo, wamo wananchi wanaolala bila kula. Hali hii haipatani kabisa na misingi ya usawa na kujitegemea iliyotangazwa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hatuna budi kuisema waziwazi.

Tatizo si letu peke yetu. Taarifa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2024 inakadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula, na zaidi ya robo ya chakula hicho ilitoka katika mahoteli, migahawa na huduma nyingine za chakula. Lakini kosa likifanywa na wengi haligeuki kuwa haki.

Tujiulize sahani ya wali ni nini. Mkulima wa Kyela au Mbarali amelima, amepanda, amepalilia, ameamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi, amevuna na kupura. Mchele umesafirishwa kwa mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha za kigeni, na ukapikwa kwa mkaa uliotokana na misitu yetu au kwa gesi iliyoagizwa kutoka nje. Anayemwaga sahani hiyo hamwagi wali tu. Anamwaga jasho, misitu na fedha za kigeni kwa pamoja. Tena chakula kinachofukiwa katika dampo, kama lile la Pugu Kinyamwezi, huoza na kutoa gesi ya methani inayozidisha joto la dunia. Na hasara ya joto hilo humrudia mkulima yuleyule kwa sura ya ukame na mafuriko.

Taifa hili linaijua njaa. Ukame wa mwaka 1973 hadi 1975 ulitulazimisha kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, na ndipo ulipotolewa mwito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Wananchi waliitikia kwa majembe. Leo tunavuna zaidi, lakini haifai kushiba kukatusahaulisha.

Chanzo cha ufujaji huu ni mambo mawili. La kwanza ni kupika kwa kukisia. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni fahari: imani kwamba shughuli haikufana kama chakula hakikusazwa. Mtazameni mama lishe. Yeye hupika kwa kadiri ya wateja anaowajua, kwa sababu mtaji wake wote umo ndani ya sufuria ile. Asiyefuja ni yule anayelipa mwenyewe. Anayefuja, mara nyingi, ni yule anayelipiwa.

Hapo ndipo sisi wa Chama na Serikali tunapopaswa kujitazama. Semina na mikutano yetu hulishwa kwa fedha za umma. Mwandalizi akiagiza chakula cha watu 200 na wakaja 140, mwenye hoteli hulipwa cha watu 200, mpishi hutupa cha watu 60, wala hakuna anayeulizwa. Mtu huyo angeiba magunia mawili ya mchele ghalani angefikishwa mahakamani. Kwa nini akiyatupa aitwe mkarimu?

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka nje. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jiko liwe na mzani na daftari. Mabaki yapimwe kila siku, na iandikwe ni chakula gani kilichobaki na kwa nini. Mwenye mgahawa atakayefanya hivyo kwa mwezi mmoja atajua ni wapi fedha zake zinapovuja. Wageni wapakuliwe kwa kiasi, na asiyeshiba aongezwe. Chakula cha moto ambacho hakijaguswa kigawiwe wenye haja ndani ya saa mbili, au kihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 60, kwa maelekezo ya maofisa afya, maana kumpa maskini chakula kilichochacha si msaada. Maganda yawe mboji. Na mabaki yanayopelekwa kwa nguruwe yachemshwe kwanza, yasije yakaeneza homa ya nguruwe.

Kwa upande wa fedha za umma, tunapendekeza utaratibu ulio wazi: chakula kiagizwe kwa idadi ya watu waliothibitisha kuhudhuria, na taarifa ya kila semina ionyeshe walioalikwa, waliofika na chakula kilichobaki. Mwandalizi atakayeagiza kupita kiasi bila sababu afidie.

Hatusemi watu wasile wala wasifurahi. Mgeni ni baraka, na ukarimu ni sifa yetu. Lakini ukarimu hupimwa kwa walioshiba, haupimwi kwa kilichomwagwa. Mkulima ametimiza wajibu wake shambani. Viongozi na watimize wao mezani, na waanze na mkutano ujao.