Kipawa ni cha Mungu, lakini nauli analipa nani?

Wapendwa, tuongee juu ya neno moja tunalolisikia sana hapa Dzaleka: "Mungu atawalipa." Kwaya ikiimba harusini, mchoraji akipamba ukuta wa kanisa, kijana akipiga kinanda ibada mbili kwa Jumapili moja, mwisho ni hilo tu. Ukiuliza habari ya pesa, unaambiwa huna tena moyo wa utumishi.

Kwamba Mungu hulipa, tunaamini. Ila tusome Biblia vizuri.

Fungua Kutoka 31. Waisraeli wametoka Misri, wako jangwani, wanalala kwenye mahema. Kambi kabisa! Hapo Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho wake. Si ili ahubiri, ni ili achonge mbao, afanye kazi ya dhahabu na shaba, akate vito. Anapewa na mwenzake, Oholiabu, na wote wawili wanapewa moyo wa kufundisha wengine. Halafu soma sura ya 36: watu walileta vifaa kila asubuhi mpaka Musa akatangaza waache, vimezidi. Bezaleli hakununua uzi kwa pesa yake ya mfukoni. Jamii nzima iliibeba kazi yake.

Malawi hii hii tuna mfano. Kule Mua, wilaya ya Dedza, padre Claude Boucher kutoka Kanada alianzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976. Wachongaji wanajifunza pale, wanachonga habari za Yesu kwa sura za Kiafrika, na kazi zao zinauzwa. Patasi inamtukuza Mungu na inalisha watoto.

Na hapa kwetu je? Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Mwaka 2014 Trésor Nzengu Mpauni, mshairi mkimbizi kutoka Kongo, akaanzisha Tamasha la Tumaini. Watu wakatoka Lilongwe kuja kutusikiliza sisi. Siku za tamasha mama wa sambusa anauza, na familia zinapokea wageni majumbani. Ngoma moja, sahani nyingi.

Wazee wengine wanasema tukianza kulipana, madhabahu itageuka soko. Hofu hiyo ina maana. Lakini sadaka ni kile mtu anachoamua mwenyewe kutoa. Kinachochukuliwa bila kumuuliza hakiitwi sadaka.

Tusisahau pia kwamba sheria inatubana kwenye ajira na kutoka kambini. Kwa kijana wa hapa, sanaa ni mlango mmoja kati ya michache. Ukifungwa kwa jina la Mungu, inauma mara mbili.

Basi tunaomba hivi. Makanisa ya Lilongwe, mkiialika kwaya yetu, leteni barua mapema ili tupate kibali, na nauli iwe tayari. Soda na makofi havijazi tumbo. Ndugu wa mashirika, kwenye miradi ya kujitegemea mnaandika ushonaji, kilimo, ufugaji wa kuku. Ongezeni mchoraji na mpiga gitaa. Na sisi wenyewe tupatane bei kabla ya kazi, tufike kwa wakati, tuwafundishe wadogo zetu kama Oholiabu.

Hema la Mungu lilishonwa kambini. Walioshona walipewa uzi.