Nywele Zetu Hazina Kosa

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuiona safu hii, iliyozoea kuzungumzia karafuu, bandari na bajeti, leo inazungumzia nywele. Wasistaajabu. Jambo linalowagharimu mama na dada zetu fedha, muda na hata afya haliwezi kuwa dogo, na kiongozi anayeliona dogo hajapata kukaa karibu na msusi akasikiliza yanayosemwa.

Hivi karibuni tulitembelea Masasi na Newala. Hatukujiona ugenini, kwani wapo hapa visiwani ndugu wengi ambao wazee wao walitoka pande hizo kuja kufanya kazi mashambani Unguja. Masasi imekaa chini ya majabali yake makubwa. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, pembeni kabisa mwa genge, na mtu akisimama pale Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Uwanda ule ni wa mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini. Hayatuami wala hayafanyi mto. Kwa sababu hiyo, tangu enzi za mababu wanawake wa huko wamekuwa wakiteremka mabondeni kuyafuata na kupanda tena mlima wakiwa wamejitwika.

Katika nyumba moja tuliyokaribishwa, tulimkuta binti wa mwenyeji wetu amejifunga kitambaa kichwani. Kumbe hakujifunga kwa stara peke yake. Ngozi ya kichwa ilikuwa imebabuka na nywele za utosini zimekatika. Alikuwa amepakwa dawa ya kulainisha nywele, na ulipofika wakati wa kuiosha, ndoo iliyokuwapo haikutosha. Dawa ikabaki kichwani ikiunguza huku mdogo wake akitafuta maji kwa jirani. Tulipomwuliza kilichomsukuma, alijibu kwa sauti ya chini: "Zinatimka, baba. Nikitoka hivi hivi wenzangu wananicheka."

Neno hilo tumerudi nalo. Binti yule hakuwa mgonjwa wala mchafu. Alikuwa na nywele za kipilipili kama alivyozaliwa nazo, nazo zikitimka. Kwa kosa hilo lisilo kosa, ameungua kichwa.

Hebu basi tuulize, nywele hutimka kwa nini? Unywele mmoja umefunikwa na magamba membamba yaliyopandana kama makuti juu ya paa. Makuti yakilala vizuri, nyumba haivuji. Magamba nayo yakilala vizuri, unywele huteleza, hung'aa na hukaa pamoja na wenzake. Yakiinuka, unyevu wa hewa huingia ndani, unywele huvimba, na kila mmoja hushika njia yake. Hapo ndipo tunaposema nywele zimekuwa timtim.

Sasa, mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa yenyewe hushuka kwa urahisi katika nywele za singa. Katika nywele zilizojisokota hayafiki mwisho, kwa hiyo ncha hubaki kavu, na ukavu ndio unaoyainua yale magamba. Sabuni kali ya kufulia huzidisha, na chanuo la meno ya karibu likipitishwa katika nywele kavu huvunja kabisa. Huko Newala wakati wa kiangazi kuna vumbi na maji ni ya kuhesabu. Hapa visiwani kuna hewa ya bahari iliyojaa unyevu mwaka mzima. Mazingira ni mawili, lakini chanzo ni kimoja: unywele ulioachwa mkavu. Dawa kali, ambayo huuvua unywele magamba yake, haiwezi kuwa tiba ya ukavu.

Tiba yenyewe bibi zetu waliijua. Nywele zioshwe kwa sabuni laini, si kila siku. Zichanwe zikiwa bado na maji, kwa vidole au chanuo la meno mapana, kuanzia kwenye ncha kwenda kwenye shina. Zisisuguliwe kwa taulo, bali zikamuliwe taratibu kwa kanga iliyokwisha kulainika. Mafuta yapakwe kabla hazijakauka, ili maji yafungiwe ndani. Kisha zisukwe, hata kama ni twende kilioni tu, na usiku zifunikwe kwa kitambaa kinachoteleza. Mafuta nayo tunayo. Visiwa hivi vina nazi. Masasi na wilaya jirani hulima ufuta. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza kuharibika kwake wakati wa kuoshwa, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli hayakulifanya. Wengine watasema ni ugunduzi. Kwa bibi zetu ilikuwa ni kazi ya kila Ijumaa.

Wala asitokee mtu akadai kwamba pande za Ruvuma watu hawakuthamini nywele. Wamakonde, mabingwa wa uchongaji, wana vinyago vya mapiko vinavyovaliwa kichwani ngomani, na wachongaji wengi huvipandikiza nywele halisi za binadamu. Mchongaji ambaye angeweza kuchonga nywele kwa ncha ya kisu huona kuwa sura haijatimia bila nywele zenyewe. Nasi tuliopita chuoni kabla ya shule ya serikali tulifundishwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza mwenye nywele azikirimu. Kukirimu ni kutunza kwa heshima, hakuna maana ya kuunguza.

Dawa zile ni kitu gani? Nyingi zina magadi makali yaitwayo hidroksidi ya sodiamu, aina ile ile inayotumika kutengenezea sabuni. Kazi yake ni kuvunja viungo vya ndani vinavyoufanya unywele ujisokote. Kinachovunja unywele hakishindwi kubabua ngozi. Tena mwezi Oktoba 2022 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Wale waliotumia vinyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walionekana kupata saratani ya mji wa mimba kwa zaidi ya mara mbili ya wale wasiotumia. Uchunguzi mmoja hautoi hukumu ya mwisho, lakini unatosha kumfanya mzazi asite kabla ya kumpeleka mtoto saluni.

Hapa yatupasa kujisahihisha na sisi makada. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga vita nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na krimu za kujichubua. Nia iliyotangazwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini mjini Dar es Salaam baadhi ya vijana walifikia kuwavamia wanawake njiani, na aibu ikamrudia aliyejidai kuiondoa. Fundisho tunalolipata ni kwamba amri haisuki nywele. Mwanamke anayetaka kunyoosha nywele zake si adui wa taifa, na sisi hatuombi apigwe marufuku. Tunachoomba ni kwamba asiyetaka asilazimishwe na kicheko, na anayetaka asiuziwe moto ndani ya kopo.

Kwa hiyo tunayo ya kuwaambia viongozi. Kwanza ni maji. Chanzo cha Mbwinji kinaihudumia Masasi, na Makonde ni miongoni mwa maeneo yaliyoingizwa katika mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2022. Wanaohusika wakumbuke kwamba maji ya bomba si ya kunywa na kupikia tu. Kijiji ambacho mama anachagua kati ya kuosha kichwa cha mwanawe na kuinjika chungu hakijapata maji, hata kama ramani inaonyesha bomba limepita.

Pili ni ukaguzi. Tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango la Tanzania ndilo lenye dhamana ya vipodozi huko Bara, na hapa Zanzibar tunao Wakala wa Chakula na Dawa. Tunaviomba vyombo hivi vifike hadi kwenye gulio na duka la kijijini, na vihakikishe kila kopo lina maelezo kwa Kiswahili: iachwe kichwani muda gani, ioshwe kwa maji mengi kiasi gani, na kwamba watoto wasipakwe. Maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi ni sawa na kutokuwapo.

Tatu ni sisi wenyewe, wazazi na walimu. Tuache kuziita nywele za singa "nywele nzuri", kana kwamba za kipilipili ni mbaya. Mtoto husikia. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini nani anayemfukuza mtoto kutoka katika asili yake kama si ulimi wa mzazi wake?

Binti wa Newala nywele zake zitaota tena, Mungu akipenda. Zikiota zitajisokota kama kwanza, na siku za vumbi zitatimka kama kwanza. Zikutane na maji, na mafuta, na mkono wa msusi. Zisikutane tena na kicheko.