Buibui Wa Kufugwa: Si Wa Kupondwa, Wala Si Wa Kushikwa



Himdi zote ni za Allaah, na Swala na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Amma ba'ad:

Ndugu wazazi wa Buyenzi na Bujumbura kwa jumla, leo hatuzungumzii buibui la kuvaa dada zetu. Tunazungumzia buibui mdudu, yule mkubwa mwenye manyoya, tarantula. Vijana wanaona kwenye simu watu wa Ulaya na Marekani wakimtembeza mkononi hadi usoni, nao wanaiga. Mtoto mmoja alimleta madrasa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Mzee akavua kiatu amponde, kijana akanyoosha mkono ambebe. Nasema wote wawili wamekosea.

Tuanze na mwenye kiatu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametaja watano wanaouawa hata ndani ya Haram: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Buibui hayumo. Na sumu ya tarantula haijulikani kuua mtu. Basi kwa nini kumuua kwa hofu tu?

Sasa mwenye mkono. Tarantula wengi wa kwenye video ni wa bara la Amerika. Silaha yao ni vinyweleo vya tumboni, wanavirusha vikawasha ngozi na kuumiza macho. Wa kwetu Afrika hawana vinyweleo hivyo. Silaha yao ni meno, na ni wepesi wa hasira. Yupo mmoja wa rangi ya machungwa, wataalamu humwita Pterinochilus murinus, anaishi Afrika ya kati, mashariki na kusini. Akiuma, maumivu ni makali, pahala huvimba, na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Mtu mzima analia, sembuse mtoto?

Na buibui mwenyewe anapata nini? Hamjui mwenye kumfuga wala hampendi. Akianguka kutoka kifuani mwa mtoto, tumbo hupasuka akafa. Ni hatari kwa wawili, faida hakuna hata kwa mmoja. Na dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana.

Wapo watakaosema: "Mbona Abu 'Umayr alikuwa na ndege wake na Mtume hakumkataza?" Ni kweli, kufuga si haramu. Lakini Mtume huyo huyo ametueleza habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Jike la aina nyingine za tarantula huishi zaidi ya miaka 20. Kijana wako akienda kusoma, nani atamtafutia panzi?

Na msidhani kuuza wadudu ni biashara ya mchezo. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha, Kenya, na siafu malkia wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12.

Basi tufanye hivi:

1. Akiingia nyumbani, mfunike kwa chombo chenye mdomo mpana, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpeleke porini.

2. Aliyekwisha kumfuga amweke kwenye chombo chenye kifuniko madhubuti na matundu madogo, ampe maji na wadudu. Amhamishe kwa chombo, si kwa mkono. Watoto watazame tu.

3. Akimuuma mtu, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, mpe dawa ya maumivu. Pumzi ikibana, uso ukivimba au misuli ikikaza, nenda hospitali mara moja. Usichanje wembe, usifyonze, usiweke jiwe jeusi. Halitoi sumu, linapoteza wakati.

Yule wa madrasa tulimrudisha vichakani siku ile ile. Mtoto alilia kidogo, kisha akatuomba tumfungulie Suuratul-'Ankabuut aisome. Hilo ndilo funzo tunalolitaka: kumtazama kiumbe na kumkumbuka Aliyemuumba.

Wabillaahi Tawfiyq.