Kufu na Hiari ya Binti

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakashangaa kuona Kolo, huku Kondoa, inatia neno katika mambo ya jumba la kifalme la Unguja. Lakini misafara ya pwani ilipita Kondoa katika karne ya 19, na swali la "huyu ni wa ukoo gani?" huulizwa katika posa za huku kama liulizwavyo Mji Mkongwe.

Bibi Salme binti Said aliondoka Unguja kwa siri mwaka 1866, ndani ya manowari ya Kiingereza, akiwa mjamzito. Mwaka 1867 alibatizwa huko Aden na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Alirudi Unguja mwaka 1885, na tena mwaka 1888, kutafuta suluhu na urithi wake, vyote alivikosa.

Tuseme kweli: mimba ya nje ya ndoa na kuiacha dini vilikuwa vizito kuliko unyonge wa ukoo wa Bwana Ruete. Hata angekuwa mwana wa Kaisari asingepokewa. Hata hivyo tunajiuliza. Jilfidan, mama yake Salme, alikuwa Msarkasi aliyetekwa utotoni. Mama zao Sayyid Majid na Sayyid Barghash nao walikuwa masuria. Mwana wa suria alikalia kiti cha enzi na hakuna aliyetaja kufu. Kumbe kufu ilikuwa mzigo wa mabinti peke yao!

Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kwa sheria mwaka 1963, na usultani ukaangushwa Januari 1964. Posa zilibaki zilivyokuwa. Kisha mwaka 1970, huko Unguja, wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Serikali, ati kwa jina la usawa wa rangi. Hatuoni usawa wowote hapo. Aliyenyimwa mume anayemtaka na aliyetwishwa mume asiyemtaka, wote wawili hawakuulizwa.

Wanazuoni wa Kishafii wanahesabu nasaba katika kufu, nasi hatubishani nao. Lakini wao hao wanafundisha kwamba kufu ni haki ya binti na walii wake, nao wakiridhia huiacha. Na walii akimzuia binti asiolewe na aliye kufu yake bila sababu, kadhi huweza kumwozesha. Tunawaomba wakuu wa Mahakama ya Kadhi, Unguja na Pemba, wawapokee mabinti wenye malalamiko hayo bila kuwarudisha nyumbani kwanza "wakaelewane na wazee", wamwite walii aitaje sababu yake, na sababu hiyo iandikwe katika jalada.