Kutunza si Kufungia

Mwaka juzi nilimtembelea binti yangu anayeishi Uingereza, karibu na mji wa Abingdon. Jirani yake, mzee wa rika langu, alikuwa anauza gari lake: MGB ya mwaka 1971, ya kijani, milango miwili, paa la turubai la kukunja. Kwa wasiolijua, hilo ni gari la spoti lililotengenezwa hapo hapo Abingdon tangu mwaka 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Yaliundwa zaidi ya 500,000. Halikuwa gari la makabaila. Hata karani au mwalimu kijana aliyedunduliza mshahara aliweza kulipata.

Mzee alinionyesha daftari lake. Kila oili iliyobadilishwa na kila breki iliyofungwa, vyote vilikuwa na tarehe. Injini ilikuwa imefunguliwa mara mbili. Kingo za chini ya milango, ambazo katika gari hili ndizo zinazobeba nguvu ya bodi na ndizo huliwa na kutu, zilikuwa zimekatwa na kuchomelewa upya. Mita ilisoma maili 143,000. Na bado alilitumia kwenda sokoni.

Akaja mnunuzi. Hakuomba hata kuliendesha. Alitazama mita, akaguna, akasema yeye anatafuta gari "lililotunzwa vizuri". Alikuwa amesikia habari za jingine lenye maili 9,000 tu, lililolala gerejini miaka mingi, na yuko tayari kulilipia mara mbili. Akaaga, akaenda zake.

Napinga, ndugu msomaji, tena kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Gari lililolala halikutunzwa, limefungiwa tu. Petroli huchacha ndani ya tangi na kuziba kabureta. Oili ya breki hunyonya unyevu, na pistoni zake zikashikwa na kutu. Mipira hukauka ikapasuka. Siku hizi hali ni mbaya zaidi, kwani tangu mwaka 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza huweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo huvuta maji na kula mipira ya magari ya zamani. Rangi itang'aa, naam, lakini anayelinunua gari hilo ananunua kazi ya fundi ambayo bado haijaanza.

Wapo watakaoniambia kwamba huo ni urithi, na urithi huhifadhiwa. Sikatai. Liwepo moja katika makumbusho, ili vizazi vijue lilivyotoka kiwandani. Lakini yule bwana hakuwa makumbusho. Alitaka fedha yake ilale mahali pazuri, basi.

Utaniuliza, mzee, gari la Wazungu linakuchomea nini moyo? Ni kwa sababu mnunuzi yule namjua. Ni mimi.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, shule yetu ilipewa hadubini kumi na mbili. Nilizifungia stoo, ufunguo nikatembea nao mfukoni, kwa hofu kwamba wanafunzi wangezivunja. Kila mkaguzi alipokuja nilimfungulia, naye aliandika kwamba vifaa vimetunzwa vizuri. Nilijivunia maneno hayo. Siku ya kukabidhi ofisi tulizitoa. Ukungu ulikuwa umeota katika lenzi zote. Miaka kumi na moja ilipita bila mtoto hata mmoja kuiona seli ya kitunguu kwa macho yake. Chuo cha ualimu kilinifundisha kujaza leja ya vifaa, nami niliijaza bila kosa. Kama kilinifundisha pia kwamba kifaa huwekwa ili kitumike, basi siku hiyo sikusikia.

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini hakiwezi kujiuza kwa mtu aliyesahau chema ni kipi. Yule mzee hakushusha bei. Kesho yake asubuhi nililisikia gari likiwaka mara moja, akaenda kununua maziwa.

Basi, ukienda kununua gari la zamani, usianze na mita. Omba daftari, kisha omba ufunguo uliendeshe. Na ninyi walimu wenzangu mlio bado kazini, fungueni stoo.